Herufi za Buti

Nimeishi na herufi kwa muda mrefu kuliko nilivyoishi na watu wengi ninaowapenda. Niliingia katika kiwanda kidogo cha uchapaji nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na kazi ya kwanza niliyopewa haikuwa kupanga herufi bali kuziosha. Kila jioni, mashine ilipokwisha kunyamaza, nilikaa chini na tambara na kopo la mafuta ya taa, nikazifuta moja moja mpaka wino wote ukatoka. Mtu akishika kitu mkononi kila siku kwa miaka, hatimaye hukijua tabia. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba herufi nazo zina tabia: kuna zilizo pole, kuna zenye maringo, na kuna zile ambazo zikiingia chumbani kila mtu hugeuza shingo.

Katika kurasa hizi nataka kuzungumzia hizo za mwisho. Msomaji akiniuliza kwa nini mtu mzima apoteze wakati wake kueleza umbo la herufi, nitamwomba anivumilie kidogo. Herufi hizo zilinifunza kazi, kisha zikanifunza aibu, na mafunzo hayo ya pili yalilipiwa na mjomba wangu wa Lukuledi, si mimi.

Kiwanda chetu kilikuwa na chumba kimoja, mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, na nyingine kubwa zaidi ya kuvuta kwa mkono iliyotumika kwa mabango. Ukutani yalipangwa makasha ya herufi. Makasha ya juu yalikuwa na herufi ndogo za risasi, za kadi za harusi, stakabadhi na barua. Makasha ya chini, yale mazito, yalikuwa na herufi za mbao, kila moja kubwa kama kiganja cha mkono. Mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Fundi, alizipa hizo za mbao jina lake mwenyewe. Aliziita herufi za buti.

Jina hilo liliwafaa. Tazama herufi za kitabu cha kawaida, uone jinsi kila nguzo ya herufi inavyoishia. Mwishoni pana kimguu chembamba, kimechongoka kama ncha ya ukindu. Herufi za buti hazina wembamba huo. Nguzo ni nene, na mwisho wake umekalia kibao cha mstatili ambacho unene wake unakaribia unene wa nguzo yenyewe, au unalingana nao kabisa. Hakuna mahali pa kuchongoka. Ukiitazama I kubwa ya namna hiyo utadhani ni kipande cha reli kilichokatwa, ukakiangalia upande wa mkato: kichwa kipana, kiuno kilichonyooka, na wayo mpana.

Watu wa kwetu hawahitaji kuambiwa kipande cha reli ni kitu gani. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ukaanguka, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Katika shule niliyosoma kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mwembeni, kikipigwa kwa nondo. Sauti yake haikuwa tamu, lakini ilifika mpaka mtoni. Nilipokutana na herufi za buti miaka mingi baadaye, nilihisi nimekutana tena na ile kengele. Umbo ni lile lile na kazi ni ile ile: kumfikia aliye mbali, hata kama hataki kusikia.

Fundi alinifundisha kanuni zake kwa maneno machache. Ya kwanza, herufi hizi ni za maneno matatu au manne, si za hotuba. Ukipanga aya nzima kwa herufi nene, wino hujaa katika matundu ya A na O na E, ukurasa wote unakuwa mweusi kama sufuria ya msibani, na jicho linakimbia. Ya pili, zipewe nafasi. Mtu mnene akibanwa kwenye benchi pamoja na wenzake hapumui yeye, wala hawapumui wao. Ya tatu, katika tangazo moja lipigie kelele jambo moja tu. "Ukilipigia kelele kila neno," alikuwa akisema, "hakuna litakalosikika."

Faida yake kubwa nyingine niliigundua mwenyewe. Karatasi tuliyopata ilikuwa hafifu, wino mara mzito mara maji, na herufi zenyewe zilikuwa zimechakaa. Herufi zenye vimguu vyembamba hazikustahimili hali hiyo. Vimguu vilikatika, na mstari ukatoka kama meno ya kizee. Herufi za buti zilivumilia yote. Hata pembe ikimeguka, herufi ilibaki ile ile. Ni herufi za maskini, nikiruhusiwa kusema hivyo, kwa sababu hazidai vifaa vizuri ndipo zisomeke.

Asili yake, hata hivyo, si kwetu. Zilitokea London mwanzoni mwa karne ya 19, wakati viwanda vilipoanza kutengeneza bidhaa nyingi kuliko walizozihitaji majirani, na wenye mali wakalazimika kuwaita watu wasiowajua. Mtengeneza herufi Vincent Figgins alizionyesha katika kitabu chake cha sampuli chenye tarehe ya mwaka 1815. Siku hizo Ulaya ilikuwa imeshikwa na wazimu wa mambo ya Misri, tangu Napoleon alipoivamia nchi hiyo mwaka 1798, na haukupita muda herufi hizi nene zikaitwa za Kimisri. Hazina uhusiano wowote na Misri. Zilipewa jina la Afrika kama vile kanga inavyopewa jina, ili inunuliwe.

Mwaka 1828 Darius Wells wa New York alitoa katalogi ya herufi za mbao zilizochongwa kwa mashine. Sababu ilikuwa nyepesi: herufi kubwa ya risasi ni nzito, ni ghali, na ikianguka hupasuka au hupinda. Mbao ilikuwa rahisi, na kuanzia hapo hapakuwa na mpaka wa ukubwa wa herufi. Mwaka 1845, tena London, Robert Besley alitoa chapa iliyoitwa Clarendon, ambayo buti zake zimeunganishwa na mguu kwa mviringo mdogo, kama kifundo cha mguu wa binadamu. Iliandikishwa rasmi ili asiigize mtu mwingine, kwa ulinzi wa miaka mitatu tu. Miaka mitatu ilipokwisha, wakaiga wote.

Kuna jamaa mwingine wa ukoo huu ambaye msomaji amemjua tangu utoto bila kuambiwa: herufi za taipureta. Hizo ni nyembamba, lakini nazo zimevaa viatu vya ubao. Sababu yake inanifurahisha hadi leo. Katika taipureta ya kawaida kila herufi hupewa nafasi sawa, i sawa na m. Sasa i ni mwembamba kama fito, akiachwa hivyo atasimama peke yake uwanjani na neno litaonekana limevunjika. Basi akavishwa kiatu kirefu kinachojaza nafasi yake. Tena, herufi ile inapogonga karatasi tatu zenye kaboni katikati, mstari mwembamba sana hupotea kwenye nakala ya mwisho, lakini mistari ya unene mmoja hupita yote. Kwa hiyo barua za serikali, wito wa baraza na hati za mashamba zilitufikia vijijini kwa miaka mingi zikiwa na viatu hivyo. Tuliona viatu, tukasimama.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Kwetu kusini, maandishi ya chapa yalikuja yakiwa na heshima kabla hatujajua kuyasoma. Lukuledi misioni ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 1895, ikachomwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wamisionari wakaweka kituo kipya Ndanda. Ndanda baadaye ikawa na kiwanda chake cha uchapaji, na vitabu vyake vya Kiswahili vimeingia katika nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Upande wa Masasi, Waingereza wa misheni ya vyuo vikuu walikuwa wamefika mapema zaidi, mwaka 1876, Askofu Edward Steere akiongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani. Steere huyo ndiye yule aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili. Kwa hiyo pande zote mbili za kwetu, kitabu kilikuwa kitu cha kanisani na shuleni. Hatukuwa tumezoea kitu cha chapa kitudanganye.

Mjomba wangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata alikaa kwenye darasa la kisomo chini ya mwembe pamoja na wanawake waliokuwa na watoto mgongoni. Alisoma polepole, kwa kidole, akiitaja kila silabi kwa sauti kama mtu anayehesabu fedha. Herufi kubwa alizipenda kuliko ndogo. Alisema ndogo zinamkimbia. Kila nilipotoka mjini nikaenda kumwamkia, nilimpelekea mabaki ya mabango, naye akayabandika ukutani ndani ya nyumba yake ya udongo: tangazo la mechi ya mpira, tangazo la maonyesho ya sinema, tangazo la mnada wa ng'ombe uliokwisha zamani. Aliyasoma jioni kama mtu anayezungumza na wageni.

Ni lazima nieleze mjomba ni nani kwetu, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Miongoni mwa Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde, ukoo hufuata upande wa mama. Baba anakulea, lakini mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Mtu akikuuliza wewe ni wa nani, humtaji baba kwanza. Kwa hiyo nilipopata kazi ya uchapaji, sifa hazikwenda kwa baba yangu. Zilikwenda Lukuledi, na mjomba akazitembeza kijijini kama baiskeli mpya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mlango mmoja tu wa kuuzia, na malipo yake yalichelewa mpaka akasahau alichopeleka. Sasa wakaja watu wenye magari na mizani yao. Wengi walilipa. Msimu mmoja aliingia kiwandani kwetu bwana mmoja nadhifu, mkononi ana karatasi yenye maneno aliyoyaandika kwa kalamu. Alitaka mabango mia mbili, haraka. Maneno yake yalikuwa machache, tena ya namna ile ile ambayo Fundi angeyasifu:

KOROSHO
PESA TASLIMU
HAPA HAPA

Chini yake, alisema, tuweke jina la kampuni yake kwa herufi ndogo. "Ndogo tu," alirudia, "nafasi isipotee." Fundi alikuwa na homa siku hiyo, kazi ikawa yangu. Nakiri kwamba niliifanya kwa furaha. Niliweka KOROSHO juu kwa herufi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, na mistari miwili iliyobaki kwa kasha linalofuata. Nikaacha weupe mwingi pembeni, kama nilivyofundishwa. Bango likasimama kama askari.

Lilitokea tatizo moja. Herufi zetu ziliagizwa Uingereza zamani, na seti zao hupangwa kwa hesabu ya Kiingereza. Kiswahili kinakula A kama mchwa. Kwenye mistari ile miwili nilihitaji A sita, na kasha lilikuwa na tano. Nikafanya ujanja uliozoeleka kiwandani: nikachukua V, nikaipindua miguu juu, ikawa A isiyo na kijiti cha katikati. Katika herufi za buti ujanja huo unakubali vizuri, maana V ikipinduliwa inasimama kwa viatu vyake viwili sawasawa. Nikaiweka mwisho kabisa, katika HAPA ya pili. Nikajiambia nani ataona.

Aliyeona ni mjomba. Jumapili ile nilikwenda Lukuledi, nikalikuta bango langu limebandikwa kwenye shina la mwembe karibu na njia ya kwenda Masasi, na mjomba amesimama mbele yake na kidole chake hewani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hii ni kazi ya mikono yako?"

"Ndiyo, mjomba."

"Nzuri. Lakini hii A ya mwisho mbona haina mkanda?"

Nikamweleza kwamba A zilikuwa zimekwisha. Alicheka sana. "Mtu asiye na mkanda," alisema, "mwangalie suruali." Tukacheka wote, tukaenda kula.

Yule bwana alikuja na lori. Siku ya kwanza alilipa taslimu, hapo hapo, kama bango lilivyosema, na habari zikaenea hadi vijiji vya ng'ambo ya mto. Siku ya pili alilipa nusu. Siku ya tatu watu walikuwa wengi mno, akasema fedha zinafuata kutoka benki, akatoa vikaratasi vilivyopigwa taipu vyenye idadi ya magunia na sahihi isiyosomeka. Mjomba alipakia magunia kumi na moja, korosho zake zote za mwaka, alizokuwa amekusudia ziwe bati za nyumba mpya. Lori likaondoka jioni. Hatukuliona tena, wala yule bwana, na anwani iliyokuwa chini ya bango kwa herufi ndogo haikuwa na mtu.

Nilipata habari baada ya wiki tatu. Nilikwenda Lukuledi nikiwa nimejitayarisha kukemewa, na nadhani ningekemewa ningepona mapema. Mjomba alikuwa amekaa barazani akiwa na kile kikaratasi chake. Bango alikuwa amelibandua mwembeni, amelikunja vizuri, limelala kando yake. Nilianza kusema kwamba mimi ni mpanga herufi tu, kwamba maneno ni ya mteja, kwamba hata mashine haijui inachochapa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba zaidi ya miaka thelathini.

"Mimi sikumwamini yule bwana, mjomba. Simjui. Niliziamini herufi, kwa sababu zilikuwa zako."

Halafu akaniuliza swali moja tu. "Jina lake mbona ulilifanya dogo hivi?"

Sikuwa na jibu. Naam, nilikuwa na jibu, ila halikufaa kutamkwa mbele yake. Mteja alitaka hivyo, na mimi nilikuwa nashughulika na weupe wa pembeni.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya herufi nene. Watu wa taaluma husema ni herufi imara, yenye kutegemewa, yenye kusema kweli. Mimi nasema ina sura ya kusema kweli, na hayo ni mambo mawili. Wembamba wa herufi nyingine hutufanya tuwe waangalifu, tunasogea, tunakodoa macho. Herufi ya buti haituachii kazi hiyo. Inakuja yenyewe mpaka mlangoni, miguu imara, sauti nzito, nasi tunadhani mtu anayesimama vile hawezi kuwa mwongo.

Historia yake ingalitosha kutuonya. Marekani ya karne ya 19 ilitumia herufi nene za mabango kutangaza minada ya watumwa na zawadi kwa atakayemkamata mtumwa aliyetoroka. Na mwaka 1851 mjini Boston, waliopinga utumwa walibandika bango lao wenyewe kwa herufi nene vile vile, kuwaonya watu weusi wajihadhari na polisi waliowasaidia wakamataji. Makasha ni yale yale, mbao ni ile ile. Hapa kwetu Afrika Mashariki, soko la watumwa la Unguja lilinadiwa kwa kinywa cha dalali mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na baadhi ya waliookolewa katika biashara hiyo ndio waliokuja na Steere kujenga Masasi miaka mitatu baadaye. Dalali alikuwa na sauti nzito. Sauti nzito haimjui anayeuzwa.

Lakini sikutaka kuzichukia herufi zangu. Kisu hakina kosa, na fundi asiyependa kifaa chake hufanya kazi mbaya. Nilichofanya ni kujiwekea kanuni ya nne, nikaiongeza kwenye zile tatu za Fundi: anayeahidi kwa herufi kubwa, na jina lake likae kwa herufi kubwa. Mteja alipoleta tangazo la ahadi yoyote, iwe mbegu, dawa au mkopo, nilimwuliza kwa upole jina lake litakaa wapi. Wengi hawakujali, wakasema weka utakavyo. Wachache walinuna. Mmoja, mwenye dawa ya kuponya kila ugonjwa, alichukua karatasi yake akaondoka, na Fundi akanikata fedha ya kazi hiyo. Sikusikitika. Na kila mwezi nilitenga kidogo, mpaka baada ya misimu miwili nikapeleka Lukuledi bati za kuezekea vyumba viwili. Mjomba alizipokea bila kusema neno, nami nilishukuru.

Kiwanda kilifungwa baadaye, kompyuta zilipoingia mjini. Fundi hakuwa na mshahara wangu wa mwezi wa mwisho, akaniambia nichague kasha. Nikachukua lile la herufi za mstari wa HAPA HAPA. A zake hazikuwamo tena hata moja. Kiswahili kilikuwa kimezimaliza: mbili zilipasuka, nyingine zililika na wadudu au zilipotea. V zilibaki nzima, maana nani huzihitaji sana.

Siku hizi mpwa wangu ana duka la vifaa vya ofisini mjini Masasi, anachapa kadi na mabango ya plastiki. Kwake herufi za buti ziko ndani ya kompyuta, za majina kumi au zaidi, na hakuna A inayokwisha. Unene wa herufi ni kubonyeza mara moja. Biashara ya korosho nayo imebadilika. Tangu msimu wa 2007 mkoa wetu wa Mtwara ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani, mazao yanakusanywa kwenye chama cha msingi na kuuzwa kwa mnada, ingawa wanunuzi wa kangomba na bakuli zao hawajaisha. Uongo nao umehamia kwenye simu, mara nyingi kwa herufi kubwa tupu na alama za mshangao. Mpwa wangu huniuliza mara kwa mara, "Mjomba, hapa niweke herufi gani?" Ninamwambia zile kanuni tatu za Fundi. Kisha ninamwuliza, jina la mwenye tangazo liko wapi? Yeye hucheka, lakini huliongeza ukubwa.

Mjomba alifariki akiwa mzee sana, ndani ya nyumba ya bati. Kabla ya arobaini tulijengea kaburi lake kwa saruji, na ndugu wakasema mimi ndiye wa kuandika. Nilifungua lile kasha. Herufi ya chapa huchongwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa hiyo ukiigandamiza kwenye saruji mbichi na kuinyanyua huacha alama iliyonyooka. Nilizipaka mafuta, nikangoja saruji ianze kushika, nikazigandamiza moja moja. Vile viatu vya ubao vilitoka safi, pembe zote, mahali ambapo kimguu chembamba kingebomoka.

Jina lake lina A tatu. Nilichukua V, nikaipindua, nikaigandamiza mara tatu mahali pake. Halafu nikachukua kisu cha jikoni nikapiga magoti, nikaichorea kila moja mkanda wake kwa mkono.

Hakuna neno lingine juu ya kaburi lile, wala maandishi madogo chini yake. Kuna jina tu, na linasomeka kutoka njiani.